Swali la Ndani ya Wago

Wiki hii wanakata zile wago kuukuu, mabehewa ya treni, pale stesheni. Walionunua chuma wamekuja na mashine zao za moto, na upepo ukivuma harufu inafika mpaka huku kwetu Mikelenge: chuma kilichoungua, rangi ya zamani, mafuta mazito ya magurudumu. Watu wanapita wakiziba pua. Mimi nilisimama kando ya reli na beseni langu la sombe, majani ya muhogo, kichwani nikavuta harufu ile mpaka kijana mmoja wa mashine akaniuliza, "Mama, umepoteza kitu?"

Sikumjibu. Kujibu watu haraka sijawahi kuweza. Na kuandika vilevile naandika polepole, neno moja leo, lingine kesho, maana niliishia darasa la sita, na hata hilo la sita vita vilikula nusu yake. Lakini sitaki wamalize kukata kabla sijasema ni nini kilichokuwa ndani.

Ninyi mliokuwa watoto hapa Kindu wakati ule mnakumbuka jinsi treni ilivyokufa. Reli iliota majani mpaka mbuzi wakawa wanalala katikati yake. Shule nyingine zilifungwa, nyingine zikalaza askari. Ndipo Madamu Ngalula alipomwomba mlinzi wa stesheni amfungulie wago moja ya abiria. Madamu alikuwa mtu wa Kasai kwa asili, lakini alizaliwa hapa Kindu, mtaa wa Kasuku, baba yake akiwa mfanyakazi wa reli. Kabla ya vita alifundisha Kiingereza shule ya sekondari. Sekondari ilipofungwa alichukua yeyote aliyemkuta anazurura. Hakuuliza umri, hakuuliza darasa, hakuuliza dini. Alisema tu, "Panda."

Tulipanda. Tulikaa kwenye viti vya mbao, wote tumeangalia mbele kama watu wanaosafiri, na kila asubuhi Amisi, mtoto wa jirani yetu, aliuliza swali lilelile, "Madamu, leo tunashuka wapi?"

"Kibombo," alikuwa akijibu Madamu. Au, "Leo tunafika mpaka Kongolo, funga mudomo uangalie njia."

Jua likipanda chuma kilipata moto na wago ikanuka jasho letu, kutu na yale mafuta mazito. Ukuta wa mbele ulikuwa ubao wetu. Chaki hatukuwa nayo, tuliandikia pemba, ule udongo mweupe ambao bibi zetu walijipaka siku za sherehe. Madamu aliuchimba mwenyewe kando ya mto, akaukausha juani.

Vitabu pia hatukuwa navyo. Lakini Kiingereza kilikuwa kimejaa mjini, kinashuka kwa ndege. Kilikuwa kwenye makopo ya mafuta ya msaada, kwenye magunia ya unga wa njano, kwenye maboksi ya biskuti ngumu. Watu walikata yale makopo wakaziba mapaa. Walishona magunia wakavaa. Amisi alikuwa na kaptura yenye maandishi ya Kiingereza makalioni, na Madamu alimsimamisha mbele, akamgeuza, akatusomesha kaptura ile neno kwa neno huku sisi tukifa kwa kicheko.

Somo ninalolikumbuka kuliko yote lilikuwa la kopo. Amisi alileta kopo la mafuta kutoka kwao. Madamu aliandika ukutani maneno yake, akatusomea, kisha akatueleza maana yake kwa Kiswahili: si ya kuuzwa.

"Sasa," alisema, "nani anasema maneno haya?"

"Kopo njo inasema," Amisi alijibu, maana kwetu ndiyo tunaiita njo.

"Kopo iko na kinywa?"

"Hapana, madamu."

"Basi nani anasema? Anamwambia nani? Na nyinyi kwenu, mafuta haya muliyapata wapi?"

"Tulinunua sokoni. Kwa muke ya askari."

Wago nzima ilimgeukia. Kisha kelele zikaanza. Mmoja alisema kopo ni mwongo. Mwingine akasema hapana, soko ndilo mwongo. Mwingine akasema mama yake Amisi afungwe, na Amisi akamrushia kifuu cha mchikichi.

Madamu alisubiri mpaka tuchoke. "Sikilizeni. Kuna maneno yanayosema kitu kilichopo. Na kuna maneno yanayosema kitu ambacho mutu anataka kiwepo. Yote yanaandikwa kwa wino uleule. Ukisoma bila kuuliza nani anasema, hutayatofautisha hata siku moja. Utameza tu, kama kuku."

Tangu siku hiyo ikawa sheria ya wago yetu. Mmoja anasoma sentensi, na mwenzake mmoja anasimama kumuuliza kwa Kiingereza: nani anasema? Sisi tulilitamka swali hilo kwa ndimi zetu: "Hu sezi?"

Zamu yangu ilipofika nilisimama na swali halikutoka. Siku ya pili halikutoka. Wenzangu walikuwa wameshanipa jina: Bubu. "Bubu anauliza kwa macho," Amisi alisema, na walicheka tena. Madamu hakucheka, hakunikaripia. Alisema tu, "Kuanzia leo, tutauliza wote pamoja." Na hivyo kila sentensi iliposomwa, wago nzima iliitikia kwa pamoja, "Hu sezi?", na humo ndani ya sauti zao sauti yangu ilipata mahali pa kujificha. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusikia midomo yangu ikisema kitu mbele ya watu.

Sasa nitawaambia nilivyoelewa mimi. Nilikuwa mtoto, na kwetu nyumbani dua ikimalizika tunaitikia Amina. Kwa hiyo, hata kama maana yake tuliambiwa mwanzoni, nilidhani Hu sezi ni sehemu ya Kiingereza chenyewe. Nilidhani huko kwao, mtu akimaliza sentensi, walio karibu huitikia hivyo kwa adabu. Niliwaza mama muuza nyanya wa Kiingereza akisema nyanya zangu ni nzuri, na soko zima likimwitikia, Hu sezi? Niliwaza mchungaji wao, mfalme wao, daktari wao. Niliona ni lugha ya watu wenye heshima sana.

Kisha ikaja habari ya wageni. Waliokuwa wanautawala mji wakati ule walitangaza kwamba watu wakubwa watashuka kwa ndege kuangalia jinsi tunavyoishi. Afande mmoja, mrefu, msafi, aliyekijua Kiingereza kutoka huko alikotoka, alipanda wago yetu akiwa na karatasi. Hii mnaijua: mgeni akija, watoto wanapangwa mstari, mmoja anasoma, wengine wanapiga makofi. Afande alimsomesha kila mmoja wetu mstari mmoja. Alipofika kwangu alisema, "Huyu mudogo. Anasoma pole pole, wageni watasikia kila kitu."

Madamu alisoma karatasi mpaka chini. "Tutaisoma, afande," alisema.

Na tuliisoma, kama tulivyosoma kopo na kaptura. Aliiandika yote ukutani kwa pemba. Sisi ni watoto wa Kindu. Shule zetu ziko wazi. Soko letu limejaa. Tunakula vizuri. Tunalala kwa amani. Hatuogopi mtu. Nilisoma kila sentensi, na wago ikaniitikia. Kwenye ile ya kula vizuri, Amisi alishika tumbo lake na kuliuliza, "Weye, unakubali?" Madamu aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika.

Mpaka leo sijui kama Madamu alisahau kutuambia tusiitikie siku ya wageni. Mtu ambaye hakusahau hata mara moja kuhesabu vipande vya pemba kabla ya kufunga mlango. Sijui. Najua tu kwamba hakutuambia.

Siku ilifika. Kiwanja cha mbele ya stesheni kilikuwa kimefagiliwa, ngoma zimepigwa, wageni wamekaa chini ya turubai. Mmoja wao alikuwa mama mwenye miwani. Nilivalishwa gauni la mtoto wa mtu mwingine. Nyuma yangu walisimama wenzangu wa wago, na hilo lilinitosha.

Nilisoma kwa Kiingereza: Sisi ni watoto wa Kindu.

"Hu sezi?" wakaitikia nyuma yangu, kwa sauti safi, kwa pamoja, kama tulivyofundishwa.

Wageni walicheka kidogo, kicheko cha kupenda watoto. Nilijua nimesoma vizuri. Nikaendelea: Shule zetu ziko wazi.

"Hu sezi?"

Kicheko kilikatika. Yule mama mwenye miwani alitoa kalamu. Nikasoma soko letu limejaa, na wenzangu waliitikia. Tunakula vizuri, waliitikia, na Amisi, kwa mazoea, alishika tumbo. Nilimwona afande. Uso wake ulikuwa umekaa kama uso wa mtu anayesikia nyumba yake inapasuka lakini bado hajui ni ukuta gani. Mimi nilifikiri ana furaha mpaka imemzidi. Nikasoma kwa nguvu zaidi. Niliposema hatuogopi mtu, sauti ya wenzangu ilifika mpaka mtoni.

Afande aliamuru ngoma zipigwe. Zilipigwa sana.

Kesho yake asubuhi askari wawili walikuja kwenye wago. Madamu alikuwa anaandika. Walimwambia ashuke. Alimpa Amisi kipande cha pemba alichokuwa nacho mkononi, akajipangusa vidole kwenye kitenge. Amisi, aliyekuwa na mzaha kwa kila kitu, hakuwa na mwingine wa kusema ila ule wa siku zote: "Madamu, unashuka wapi?"

"Hapa karibu," Madamu alisema.

Wazazi waliitwa. Afande aliwaambia kwamba watoto wao wametia mji aibu, kwamba mwalimu huyo anafundisha uasi, na kwamba kuna njia moja tu ya yeye kutoka. Mtoto yuleyule atasoma tena, kiwanjani palepale, mbele ya mji wote. Atasoma maneno yaleyale. Na hakuna atakayefungua mdomo nyuma yake. Ikisikika sauti hata moja, mwalimu hatarudi.

Mama yangu alinisuka nywele. "Utasoma yote, unasikia? Usiongeze hata kikohozi."

"Mama, tulikosea wapi? Si njo Kiingereza?"

Aliacha kusuka. Mama hakukanyaga shule hata siku moja. "Muliuliza swali, mwanangu," alisema. "Kumbe lile lilikuwa swali la kweli."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nimekaa chini, katikati ya magoti yake, kichwa kimeinamishwa, na nilielewa yote kwa mara moja: kopo, kaptura, karatasi, uso wa afande. Haikuwa adabu. Ilikuwa swali, na sisi tulikuwa tumeliuliza mbele ya wenye bunduki bila kujua. Niliogopa mpaka nikajikojolea. Lakini chini ya woga ule kulikuwa na kitu kingine, kidogo, kigumu, ambacho sikuwa nacho kabla, na ambacho sijakitoa mpaka leo.

Kiwanjani watu walijaa kuliko siku ya wageni. Madamu alisimamishwa pembeni kati ya askari wawili, kitenge kilekile, hana viatu. Wenzangu walipangwa nyuma yangu. Amisi alikuwa ameuma mdomo wake wa chini kwa meno.

Nilisoma: Sisi ni watoto wa Kindu.

Na nikasubiri. Sitawadanganya kwamba nilipanga. Mwili wangu ulikuwa umezoea kusubiri pale, sentensi ikiisha, mpaka wenzangu wamalize kuuliza. Hakuna aliyeuliza. Kimya kilikaa pale penye swali, na kilikuwa na urefu wake uleule.

Nilisoma: Shule zetu ziko wazi. Nikasubiri. Safari hii nilikuwa ninajua ninachofanya.

Soko letu limejaa. Nikasubiri. Mama wa sokoni walikuwa mstari wa mbele, na wao Kiingereza hawakukijua hata neno, lakini habari ya siku ya wageni ilikuwa imeshazunguka Kasuku yote, kila mtu alijua nini huwa kinafuata. Nikawaona wanashika pumzi pamoja nasi. Tunakula vizuri. Kimya kile kilikuwa kirefu mpaka tukasikia jogoo wa mtu huko nyuma ya maghala.

"Soma mbio!" afande alipiga kelele.

Watu wote waliniangalia. Mimi, Bubu. Nilimtazama viatu, maana usoni sikuweza, na nilisikia sauti yangu ikitoka peke yake, bila maficho.

"Minasoma pole pole, afande. Njo vile minajua."

Mtu mmoja alicheka, mama mzee, kicheko kifupi cha puani. Kisha mwingine. Afande aligeuka huku na huku. Angefanya nini? Yeye mwenyewe alinichagua kwa sababu nasoma polepole. Nilikuwa sijaongeza neno. Hakuna aliyefungua mdomo. Nilisoma tunalala kwa amani, nikasubiri. Nilisoma hatuogopi mtu, na hapo nilisubiri kuliko kote, mpaka nikajisikia mimi mwenyewe kwamba, kwa muda ule mdogo, ilikuwa kweli.

Wakamwachia Madamu. Alikuwa amesema mbele ya wazazi wote, afande yule, na hakutaka kuonekana mtu anayevunja neno lake. Wago ilifungwa kwa mnyororo. Madamu alitembea nasi kurudi Kasuku, katikati ya barabara, hana viatu, na mama zetu walimfuata kama wanaomsindikiza bibi harusi.

Mlangoni kwake aliniwekea mkono kichwani. "Bubu, ulisoma vizuri."

Sijui nilitoa wapi. "Hu sezi, madamu?"

Alicheka mpaka akakaa chini kizingitini, akafuta machozi kwa upindo wa kitenge, akasema, "Njo vile. Hata mimi. Uniulize hata mimi." Vita vilipotulia na treni ya kwanza kupita, alipanda akaenda kwa watu wake Kasai. Sikumwona tena.

Mimi sikufika sekondari. Wako wanaodhani hiyo inatosha kuninyamazisha. Juzi kwenye mkutano wa wazazi nilinyanyua mkono, nikauliza kitu kuhusu karatasi ambayo watoto wamepewa kukariri kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni watakaokuja. Baba mmoja mwenye shati zuri alinigeukia. "Mama, samahani, weye ulisoma mpaka wapi?"

"La sita," nilisema.

"Ah! La sita," akawaangalia wengine ili wacheke.

"La sita, ndiyo. Na karatasi hii aliandika nani?"

Walianza kukusanya karatasi zao. Walisema tutaongea baadaye. Najua baadaye yao. Nitanyanyua mkono tena.

Jioni ile binti yangu alikaa uani na karatasi yake. Anaandikia magotini, kwa sababu darasani kwao wanakaa chini na amezoea. Alianza kusoma kwa sauti kubwa, haraka haraka, kama mwalimu wake anavyotaka. Nilikuwa natwanga sombe. Nilisimamisha mchi.

"Soma pole pole," nilimwambia.

Akasoma: Shule yetu ina madawati mazuri.

Nilitaka kusema. Swali lilikuwa mdomoni kabisa. Nikalizuia, nikamwachia kimya mahali pake, urefu uleule.

"Mama, mbona umenyamaza?"

"Endelea."

Akasoma: Kila mwanafunzi ana vitabu vyake. Nikanyamaza. Moshi wa jiko ulipita kati yetu, na nyuma yake ile harufu ya chuma kutoka stesheni. Binti yangu alikuwa tayari amefungua mdomo kwa sentensi inayofuata. Aliufunga. Aliitazama karatasi, akaigeuza nyuma kama anayetafuta mtu aliyejificha huko, akaigeuza tena.

"Mama," alisema, "vitabu gani?"